Nyumba ya uzeeni Mtwara na Lindi: jinsi ya kuianza mapema bila kusubiri kiinua mgongo

Nimeamua niandike yote sehemu moja maana maswali ni yaleyale kila siku. Nina miaka 45, mshahara wa kawaida, nianzie wapi? Kiinua mgongo kitatosha kujenga? Nikajenge kwetu Newala au nibaki mjini? Nipo Dar ila nikizeeka nataka nirudi Lindi, ninunue kiwanja sasa au nisubiri? Basi mwongozo huu ni wa mtu wa kipato cha kawaida, mwalimu, nesi, mkulima wa korosho, mvuvi, mama lishe, anayetaka akifika 60 awe analala kwake na hakuna anayemgongea mlango kudai kodi ya pango.

Ninachokiamini kabisa ni hiki: nyumba ya uzeeni inajengwa na mshahara au na korosho, kiinua mgongo kinatakiwa kije kiikute imesimama. Ukisubiri hela ya kustaafu ndio uchimbe msingi utakuwa na miaka 60, huwezi kushinda saiti juani, mafundi wanajua una hela na watoto nao wanajua una hela. Halafu hela yenyewe haiji yote. Kanuni ya kikokotoo ya 2022, ile ya kupigia hesabu ya mafao, ilianza na mkupuo (hela unayopewa kwa mara moja) wa asilimia 33, na hata baada ya nyongeza iliyotangazwa 2024 sehemu kubwa ya haki yako bado inakuja kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni. Kwa hiyo usipige hesabu ya nyumba nzima kwa mkupuo.

Na huku kwetu hakuna nyumba za wazee za kwenda kupanga. Yapo makazi ya serikali, Rasbura pale Lindi na Mkaseka kule Masasi, lakini yale ni kwa wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza na mtu anafika pale kupitia ustawi wa jamii. Wewe mwenye nguvu leo usiyaweke kwenye mpango wako, waachie wanaoyahitaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Taarifa ya michango yako, PSSSF kama upo serikalini au NSSF kama upo sekta binafsi. Angalia miezi iliyochangiwa, kwa sababu pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Kama mwajiri ameruka miezi fuatilia sasa hivi, ukisubiri ustaafu aliyekuwa anashika mafaili atakuwa ameshahama. Mkulima, mvuvi na bodaboda pia anaweza kujiunga NSSF mwenyewe, nenda kaulize.
- Kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN, bila hivyo utasumbuka kwenye mambo ya hati.
- Daftari moja la nyumba. Risiti, namba za mafundi, vipimo, nani kalipwa nini, vyote humo.
- Mwenza wako akiwa anajua na amekubali. Sio kwa ajili ya amani tu, sheria inamlinda kwenye nyumba ya familia, huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yake.
- Mtu mmoja wa kusimamia saiti kama unaishi mbali, awe anajua kuhesabu tofali na asiwe na haya ya kukupigia kukwambia fundi hajaja.

Hatua ya 1: Hesabu viangazi vilivyobaki

Toa umri wako kwenye 60. Mtu wa miaka 46 ana viangazi 14. Sasa igawe nyumba vipande: kiwanja na karatasi zake, tofali, msingi, kuta mpaka lenta, kupaua, milango na madirisha, choo na maji, plasta na sakafu, umeme. Hivyo ni vipande tisa. Ukifanya kimoja kila kiangazi unamaliza ukiwa na 55, umri ambao mtumishi anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, na bado una miaka mitano ya akiba kwa ajili ya ule mwaka mtoto anaingia chuo na ule mwaka mama anaumwa, maana itakuwepo tu miaka ya namna hiyo.

Usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, kwa ajili ya ujenzi. Hata iwe milioni moja tu ya kumalizia bati. Kama lazima ukope, kopa SACCOS au benki na marejesho yaishe kabla hujastaafu, ukiingia kwenye pensheni na deni utaishia kula deni.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa macho ya mtu wa miaka 75

Leo unaona kiwanja kizuri sababu unaendesha pikipiki. Jiulize mtu mwenye presha na magoti mabovu anafikaje kliniki kila mwezi. Kwa Mtwara mjini hospitali ni Ligula, na kuna ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo ambayo imebadilisha kabisa hesabu za mtu anayefikiria upande wa Mikindani. Lindi mjini ni Sokoine. Kwa wa bara kuna Ndanda na Nyangao. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi zidisha mara 12, hiyo ni gharama ya nyumba yako kila mwaka hata kama kiwanja umepewa bure.

Kiangalie kiwanja mwezi wa pili au wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Kiangazi kila kiwanja ni kikavu. Uliza majirani mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita mwezi wa tano maji yalifika wapi, watu wa Kilwa na Somanga wanaikumbuka vizuri. Lindi mjini angalia na mlima, ukitoka pwani kidogo tu unaanza kupanda na kilima unachokipanda bila kufikiri leo ukiwa mzee kitakufungia ndani.

Wanaopenda upepo wa bahari: sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, anayekuuzia kiwanja kinachogusa maji anakuuzia kesi. Na hata ukiwa nyuma ya hizo mita, chumvi inakula bati, nondo na bawaba za milango. Rudi ndani kidogo, upepo utakufuata.

Hatua ya 3: Ardhi ya ukoo au kiwanja cha kununua?

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wazee wengi wanapoumia.

Ardhi ya ukoo ni bure, na ndugu wapo jirani. Lakini huku kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na zamani mwanaume alikuwa anahamia kwa kina mke wake. Desturi hiyo haijafa. Kwa hiyo unamkuta baba kajenga nyumba nzuri ya tofali kwenye eneo la kina mama watoto, mke akitangulia, shemeji wanaanza kuuliza yule mzee anakaa pale kama nani. Au mama kajenga kwenye shamba la marehemu mama yake, wajomba hawakusema kitu miaka yote, bati likishawekwa ndio wanasema ile sehemu ilikuwa ya fulani. Ukichanganya na mirathi ya Kiislamu, ambayo familia nyingi za huku zinaifuata na yenyewe ina mgao wake, kila mtu anakuwa na haki kwa hesabu yake na hakuna anayesema uongo.

Dawa ni kukaa kikao kabla ya tofali la kwanza. Waite wajomba, kaka, dada, na watoto wa dada wakubwa. Mwenye neno la kwanza ni mjomba mkubwa, umfuate kwake kabla ya siku ya kikao, usimshtukize mbele za watu. Umwambie hivi, nimesikia likisemwa hivi na likaleta matunda: "Shikamoo mjomba. Nimekuja na jambo la uzeeni kwangu. Nataka kujenga pale kwenye mikorosho ya bibi, lakini sitaki watoto wangu waje kugombana na watoto wa dada zangu. Naomba tukae, mnipe mipaka mbele ya watu na tuandike." Ukilileta kama ombi la kuzuia ugomvi mjomba mwenyewe ndio atakayewaita wengine. Akisema kuandika kwa nini wakati sisi ni ndugu, mwambie tunawaandikia watoto, sisi tunajuana.

Kwenye hiyo karatasi yaandikwe: ukubwa wa eneo kwa hatua au mita, jirani wa kila upande, amepewa nani (wewe peke yako au wewe na mwenza), baada yako linabaki kwa nani, na mikorosho na minazi iliyomo ni ya nani. Hilo la miti watu wanalisahau. Unaweza kupewa ardhi halafu kila mwezi wa kumi binamu yako anaingia uani kwako kuokota korosho kwa sababu miti ilikuwa ya baba yake. Na usiandike mpaka unaishia kwenye mkorosho, mkorosho unakatwa, weka jiwe la zege au panda mikatani pembe zote nne. Wote wasaini au waweke dole gumba, kisha peleka serikali ya kijiji.

Kwa wengine kununua ni nafuu zaidi japo unatoa hela. Kama ukoo wenu ni mkubwa na hauelewani, nunua.

Hatua ya 4: Karatasi

Kama ni kijijini, fuatilia hati ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na haiishi kwa miaka. Uliza kwanza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, kama hakina, lisukume kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wako wengi wanaohitaji kama wewe.

Kama ni mjini nunua kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni, na kabla hujatoa hela nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue jina lililoko kwenye faili ni la nani na kama kimewekwa rehani. Usiridhike na picha ya hati kwenye simu. Lipa benki, sio mkononi chini ya mwembe, mkataba uwe wa maandishi, mbele ya mwanasheria. Kisha omba hati kwa jina lako, na kodi ya ardhi lipa kila mwaka.

Angalizo: mwenyekiti wa mtaa kugonga muhuri sio hati. Ni ushahidi tu kwamba mlikutana.

Hatua ya 5: Ramani ndogo, ya mtu asiyekunja goti

Watu wanajenga nyumba ya uzeeni kama wanategemea wajukuu wote walale humo kila siku. Vyumba vinne, sebule mbili, nguzo za mbele kama bungeni, matokeo yake boma, yaani kuta bila paa, linasimama miaka na miti inaota ndani. Jenga vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, mita 8 kwa 8 inatosha kabisa, na uweke baraza pana maana mzee wa kusini anaishi barazani. Mjini chukua kibali cha ujenzi manispaa kabla ya kuchimba.

Mwambie fundi haya, na uyaandike kwenye ramani maana kwa mdomo atasahau:

- Milango yote upana wa sentimita 90, pamoja na wa choo. Mafundi wanapenda kupunguza mlango wa choo, siku ya kiti cha magurudumu haupiti.
- Ngazi hata moja isiwepo peke yake, weka mteremko. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo baraza lililoinuka sentimita 45 linataka mteremko wa mita 5 na nusu hivi. Pima nafasi hiyo kabla ya msingi.
- Choo cha kukaa, na kando yake bomba la chuma la kushikia lililozamishwa ukutani kabla ya plasta. La kupigilia misumari baadaye litang'oka na mzee wake.
- Marumaru za chooni ziwe zile za kukwaruza. Zinazong'aa zinavunja nyonga.
- Chumba cha kulala kitazamane na choo, na swichi ya taa iwe mkono unapofika ukiwa kitandani.

Kama una uwezo kidogo wa ziada, usiongeze ukubwa wa nyumba. Jenga nyuma chumba na choo chake cha kupangisha, mlango wake tofauti. Mtwara mjini wanafunzi wa vyuo wanatafuta vyumba kila mwaka, hela yake itakulipia luku na maji. Na siku ukihitaji mtu wa kukaa karibu kukuangalia, chumba chake kipo tayari.

Hatua ya 6: Geuza hela kuwa tofali, na ujenge kiangazi

Shida ya wakulima wetu ni majira. Minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, hela inaingia kuelekea mwaka mpya, na hapo ndio mvua inaanza. Mtu anashika hela, anachimba msingi Desemba, mtaro unajaa maji, kuta zinaporomoka. Na kila mtu anajenga wakati huohuo kwa hiyo fundi na mchanga vyote bei juu.

Hela ya korosho inunue vitu visivyooza: lipia kiwanja, lipia upimaji, fyatua tofali. Usinunue mifuko ya simenti ukaihifadhi, unyevu wa huku unaigandisha ndani ya miezi michache. Simenti tunayo jirani, kiwanda cha Dangote kipo hapahapa Mtwara, nunua ya kutumia wiki hiyo. Tofali lenyewe likishafyatuliwa na kumwagiliwa maji siku saba bila kuruka, linakusubiri hata miaka mitatu. Halafu ujenzi anza mwezi wa sita. Watu wa Lindi wenye ufuta mna bahati, minada yenu inaangukia mwanzoni mwa kiangazi, ile hela inaweza kwenda moja kwa moja kwenye msingi.

Idadi: ukuta wa mita moja ya mraba unakula tofali 10 hivi za kawaida. Nyumba ya 8 kwa 8 niliyosema, pamoja na msingi na kuta za ndani, andaa elfu mbili na kidogo. Zihesabu mwenyewe zikiwa zimepangwa.

Mchanga wa ufukweni usitumie hata ukipewa bure. Chumvi yake inakula nondo na plasta inabanduka. Na kabla ya jamvi mwagia dawa ya mchwa, mbao za kenchi ziwe zimetiwa dawa, mchwa wa huku hawana subira.

Hatua ya 7: Paa lianze na maji yake

Paua kabla ya Novemba. Bati geji 28, ukiwa karibu na bahari chukua zenye rangi, na kenchi zifungwe kwenye lenta kwa nondo au mkanda wa chuma, sio misumari peke yake. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilitupita kikaangukia Msumbiji lakini 1952 kimbunga kilipiga Lindi yenyewe, kwa hiyo upepo mkubwa huku sio hadithi.

Weka gata hapohapo mafundi wakiwa juu. Paa la mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 20 tu, mvua ya jioni moja, ni lita 1,600. Watu wa Newala na Tandahimba hawahitaji kufundishwa, juu kule kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida tangu enzi na enzi na nyumba za zamani zina birika la zege chini. Hata mjini kwenye bomba, weka tanki. Mzee hatakiwi kubeba ndoo.

Hatua ya 8: Hamia kabla hujastaafu

Hata kama haina dari. Ukiishi humo mwaka mmoja na mshahara bado unaingia utajua wapi panavuja na swichi gani iko vibaya, na utarekebisha. Kiinua mgongo kikija kinakuta kazi ya dari na rangi tu, kinachobaki kinafanya mambo mengine.

Hatua ya 9: Andika wosia

RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na wanautunza. Kama wewe ni Muislamu mshirikishe shekhe au mtu anayejua mirathi ili usiandike kitu kitakachopingwa. Sema wazi mwenza anabaki ndani ya nyumba mpaka mwisho wake, na waambie watoto mkiwa mmekaa wote.

Ukikwama

*Nina miaka 57 na sina hata kiwanja.* Usianze nyumba ya vyumba viwili. Jenga chumba, choo cha ndani na baraza kwenye kona ya kiwanja, kwa ramani inayoruhusu kuongeza. Au zungumza na mtoto au mdogo wako mwenye kiwanja, ujenge kwake chumba chako kwa makubaliano ya maandishi kwamba unaishi humo mpaka mwisho.

*Boma kubwa limesimama miaka, hela hakuna.* Chagua upande mmoja wenye vyumba viwili na choo, paua huo tu, ziba matundu mengine. Kama liko sehemu ambayo huwezi kuishi uzeeni, liuze ukajenge dogo mahali sahihi, usilionee aibu.

*Fundi kachukua hela kapotea.* Ripoti serikali ya mtaa ukiwa na daftari na ujumbe wa malipo wa kwenye simu. Kuanzia hapo lipa kwa hatua, kazi iishe ndio hela itoke, na vifaa nunua mwenyewe.

*Ndugu wamesimamisha ujenzi.* Simamisha kweli, usijenge usiku. Rudi kwenye kikao, kikishindikana nenda baraza la kata kwa usuluhishi, na isipowezekana hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ile karatasi ya hatua ya 3 ndio itakayosema kwa niaba yako.

*Nipo Dar, nanunua kwa simu, ndugu anatuma picha.* Hapana. Panda basi uje, ulale hapa siku mbili, uongee na majirani wa pande zote nne mwenyewe.

*Nimefika 60 na luku inanikata kodi ya jengo.* Mwenye miaka 60 kuendelea anasamehewa kodi hiyo kwa nyumba moja anayoishi, lakini mita haijui umri wako. Nenda ofisi ya wanaokusanya kodi ya majengo na kitambulisho cha NIDA na namba ya mita, uombe waiondoe.